Sahani ya Tano Mezani kwa Bibi Paraska

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Dauphin, Manitoba
Jina la shahidi: Odarka Pylypiw
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa matanuru ya gesi ya kupasha nyumba joto, mwenye leseni
Makazi: Stara Hreblia, nyumba ya pili baada ya kanisa
Tarehe: 8 Januari
Aliyeandika: Konstebo G. Ledoux

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa usingizi sina. Konstebo amenitaka niseme nilichoona na kusikia, nisiseme ninachodhani. Nitajitahidi. Ila kazi yangu ni kutafuta ugonjwa wa mashine isiyoweza kusema inaumwa wapi, kwa hiyo nikianza kukisia anikatize.

Mnamo tarehe 6 Januari, ambayo kwetu sisi wa kalenda ya zamani ni mkesha wa Noeli, nilikuwa kazini tangu asubuhi. Baridi ilikuwa digrii thelathini na saba chini ya sifuri, na baridi ya namna hiyo haina sikukuu. Majira ya saa sita mchana nilipigiwa simu na Yaroslav Mandziuk, mkulima, anayeishi katika nyumba ya ukoo pamoja na mama yake, Bibi Paraska, mkewe Lesia na binti yao Solomia, mwenye miaka tisa.

Yaroslav alisema, "Odarka, tanuru limezima tena. Tunaliwasha, linakohoa, linazima. Mama kavaa makoti mawili na bado anapika. Njoo dada yangu, tusije tukaganda kama samaki wetu wa mkesha."

Nilimjibu kwamba nina nyumba mbili mbele yake, zote zina watoto wachanga, na kwamba nitafika kabla ya nyota. Siku ile kwetu watu hufunga tangu alfajiri, na hakuna anayetia kitu kinywani mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nikamwambia wajifunike mablanketi na tanuru wasiliguse.

Kama saa tisa alasiri akapiga tena. Akasema, "Usijisumbue, dada. Limepona lenyewe! Linavuma kama trekta jipya."

Nikamuuliza, "Nani kaligusa?"

"Nani aliguse? Sote tuko huku juu tunakunja pyrohy zetu za viazi. Limejiwasha tu. Kapumzike, Noeli njema."

Hofu yangu ilianzia hapo, si baadaye. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata kuona tanuru linalojiponya. Tanuru linaweza kujizima, maana limeundwa lijizime likihisi hatari. Lakini likishajizima mara tatu nne asubuhi moja, haliamki alasiri likavuma mfululizo kana kwamba halikuwa na neno. Ama mtu ameuondoa ugonjwa, au mtu amelinyamazisha. Na Yaroslav alisema hakuna mtu.

Nilimaliza nilichokuwa nacho mkononi nikampigia Yaroslav. Hakupokea. Nikampigia Lesia. Alipokea, akawa anaongea polepole mno, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto.

"Kichwa kinanigonga, Odarka," alisema. "Njaa hii. Sote vichwa vinatuuma leo. Mwaka huu mfungo umetukamata vibaya. Hata Solomia kalala."

Nikamwambia, "Lesia, nisikilize. Toka nje. Watoe wote nje sasa hivi."

Akacheka. "Nje? Na baridi hii? Wewe nawe!" Kisha simu ikakatika, au aliiweka chini, sijui.

Niliwapigia watu wa dharura nikiwa tayari barabarani. Waliniambia zimamoto wa kujitolea wanatoka, lakini theluji imefunga barabara ya kaskazini na watachukua muda. Niliendesha pikapu yangu kwa mwendo ambao sitautaja mbele ya polisi. Nilikuwa naongea peke yangu njia nzima. Nilikuwa namwomba Mungu iwe ni njaa kweli.

Nilifika kwa Mandziuk kama saa kumi na nusu jioni, jua likizama. Kitu cha kwanza nilichoona ni madirisha. Yalikuwa yanatiririka maji kwa ndani, vioo vyote, kama jikoni mwa hoteli. Wapishi wangesema ni mvuke wa vyungu. Mimi nikiona madirisha yanalia hivyo kwenye nyumba ya tanuru la gesi, najua kuna hatari, kwa sababu moshi wa gesi una maji mengi, na maji yale yalitakiwa yawe nje. Niliona pia nyayo za mtu zikienda nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa nje wa chumba cha chini, tanuru liliko. Nilizichukulia kuwa ni za Yaroslav.

Nilifungua mlango bila kubisha. Nina kipimo cha hewa ninachokivaa kiunoni, cha kunasa ile hewa ya kaboni isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu akidhani amechoka. Kilianza kupiga kelele kabla sijavuka kizingiti. Sikuwahi kukisikia kikipiga vile ila siku ninapokijaribu dukani.

Yaroslav alikuwa amekaa mezani, amejiinamia, mashavu mekundu. Aliponiona alitabasamu.

"Ahaa, harufu ya pyrohy imekuleta," alisema. "Fundi gani huyu, akiitwa haji, akikatazwa anakuja? Kaa basi. Nyumba imeshika joto leo, umeona? Mama halalamiki tena miguu."

Nikamwambia, "Yaroslav, simama, utoke nje."

"Mezani haondoki mtu kabla ya nyota. Unajua hilo."

"Nyota utaiangalia ukiwa huko nje! Simama!"

"Zima kwanza hicho kidude chako, kinaniumiza kichwa."

Lesia alikuwa sakafuni karibu na sinki, ametapika. Mtoto alikuwa kwenye kochi chini ya dirisha. Nadhani alikuwa amewekwa pale aitazamie nyota, akasinzia. Kwenye soketi ya ukutani, mahali pa king'ora cha kunusa hewa hiyo, palikuwa pamechomekwa sufuria ya umeme ya holubtsi, zile kabichi za kuviringishwa. King'ora chenyewe kilikuwa juu ya friji. Simlaumu mtu. Siku ya sikukuu soketi hazitoshi nyumba yoyote.

Nilivunja dirisha la jikoni kwa spana nikamtoa mtoto kwanza. Alikuwa anapumua. Nilimtia ndani ya pikapu, injini ikiwa inawaka na hita ikipuliza, nikarudi. Lesia alitambaa mwenyewe hadi mlangoni nikamvuta mikono. Yaroslav hewa ya dirishani ilimpiga usoni akazinduka kidogo, akatoka akiyumba, huku ananitukana kwa ajili ya kioo.

Bibi Paraska ndiye aliyenishinda. Ana miaka themanini na tatu na ni mwepesi, lakini aliushika mguu wa meza kwa mikono miwili, hakuuachia. Alikuwa ananong'ona neno lile lile, "Bado mmoja. Bado mmoja."

Yaroslav, akiwa mlangoni, akasema, "Anamwita baba. Kila mwaka siku hii anamwita baba."

Baba yake Yaroslav, Danylo, alifariki miaka tisa iliyopita. Nilivibandua vidole vya Bibi Paraska kimoja kimoja, nikambeba begani kama gunia nikamwingiza kwenye pikapu pamoja na mtoto. Namwomba radhi kwa vidole vile, najua viliumia.

Nilipozunguka nyumba kwenda kufunga koki ya gesi kwenye mita, niliona ugonjwa wenyewe. Kuzungushia nyumba marobota ya majani makavu wakati wa baridi ni desturi ya huku. Babu zetu walifanya hivyo wote, na hawakudhurika, kwa sababu nyumba zao zilitolea moshi juu ya paa. Tanuru la siku hizi hutolea moshi ubavuni mwa ukuta, kwa bomba jeupe, usawa wa goti la mtu. Robota moja lilikuwa limesukumwa likalibana bomba lile barabara, na mvuke ulikuwa umegandia kwenye majani ukawa barafu ngumu. Bomba lilikuwa limezibwa kabisa. Nililipiga robota teke mpaka likaanguka, nikafunga gesi.

Nikarudi mbele kuwahesabu watu. Yaroslav na Lesia walikuwa wamesimama wanajishikilia kwenye mlango wa pikapu, wamejifunika blanketi langu la zana, linalonuka mafuta.

Nikauliza, "Mko wote?"

"Wote," alisema Yaroslav. "Mimi, Lesia, mtoto, mama. Wanne."

Nikamwambia, "Mezani nimeona sahani tano."

"Odarka, umesahau mila yetu? Hiyo moja ni ya marehemu. Ya baba."

Alisema kweli. Hata kwangu mimi huwekwa sahani ya ziada. Nilishusha pumzi. Namweleza Konstebo kwamba nilifurahi kwa dakika hiyo moja, nikaegemea pikapu. Nikawa nafikiria kioo, nani atakilipa.

Ndipo Bibi Paraska akainua kichwa ndani ya pikapu. Hewa safi ilikuwa imemrudishia macho. Alisema, wala hakupaza sauti:

"Ya Danylo niliiweka dirishani, kibakuli cha ngano na asali. Ile ya mezani ni ya Bohdan. Yuko chini."

Bohdan ni mdogo wake Yaroslav, fundi wa malori huko Winnipeg. Baada ya mazishi ya baba yao waligombana juu ya shamba mbele ya watu, na tangu siku hiyo Bohdan hajavuka lango lile wala hawajaambiana hata habari za asubuhi. Kijiji kizima kinalijua hilo.

Bibi Paraska akaendelea, "Nilimpigia. Nikamwambia apitie mlango wa chini, anyamaze, nyota ikitoka nitamwita apande. Nilijua mkishakuwa mezani hamtafukuzana. Yuko chini tangu saa nane, Yaroslav. Yuko chini na tanuru."

Nataka iandikwe kwamba niliogopa. Sikuogopa kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuivuta hewa ile mara tatu na kichwa kilikuwa kinanidunda. Juu kule watu walikuwa wamelewa hewa hiyo, na chini ni pale inapotokea. Niliwaza kuwasubiri zimamoto wenye vinyago, nikatazama barabara, hapakuwa na taa hata moja.

Nilikwenda nyuma nikaufungua ule mlango wa chumba cha chini wote, nikauegeshea tofali. Kipimo kilipita mia tisa, kiasi kinachoweza kuua, nikiwa bado nje. Nikavuta pumzi nikashuka.

Bohdan Mandziuk alikuwa amelala ubavu karibu na tanuru. Alikuwa amevaa shati jeupe la kudariziwa la sikukuu, nywele amezilowesha, kitana kikiwa mkononi. Pembeni palikuwa na chupa ya asali iliyofungwa utepe. Koti lake alikuwa amelikunja vizuri juu ya kiti. Nilimshika kola nikavuta. Hakusogea zaidi ya shubiri. Pumzi ikaniishia, nikatoka nje kwa magoti, nikalia, ndiyo, nililia, nikavuta nyingine nikarudi.

Safari ya pili nilikuta mtu mwingine ameshika miguu. Alikuwa Yaroslav. Tulimvuta ngazini mpaka nje.

Tulihitaji mahali pa kumlaza asiguse theluji. Lililokuwa karibu ni lile robota nililolipiga teke, tukamlaza juu yake. Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri, wa mtu mwenye afya, na wekundu ule ndio mbaya kuliko weupe. Alikuwa anapumua kwa kukwama. Yaroslav alivua koti lake akamfunika, kisha akasimama hatua kadhaa mbali, mikono kwenye makwapa.

Mtoto Solomia aliamka ndani ya pikapu wakati huo. Nilimsikia akisema, "Nyota! Mama, nyota ile pale!"

Zimamoto walifika muda si mrefu baadaye, wakamtia Bohdan oksijeni. Gari la wagonjwa liliwachukua wote. Bohdan alipelekwa Winnipeg kwa ndege. Mpaka natoa maelezo haya yu hai, lakini hajafumbua macho wala kusema.

Mnamo tarehe 7 Januari, asubuhi, mimi, mkaguzi wa gesi na Konstebo Ledoux tulilifungua tanuru. Naelezea kwa lugha nyepesi. Ndani mna swichi ndogo ya usalama inayohisi kama moshi unapata njia ya kutoka. Usipopata njia, swichi huzima moto. Ndiyo iliyokuwa ikilizima tanuru tangu asubuhi ya tarehe 6, ikifanya kazi yake sawasawa. Tulikuta kipande cha waya chenye vibanio viwili kimeunganishwa kuiruka swichi hiyo, hivyo tanuru likaendelea kuwaka huku limezibwa mdomo, na sumu ikarudi ndani. Waya ule ni wa aina wanayotumia mafundi wa magari. Skrubu za mfuniko zilikuwa zimepangwa juu ya leso safi, na tochi pembeni. Nilifunga kadi nyekundu kwenye tanuru, haliruhusiwi kuwashwa.

Leo asubuhi nilipoingia hapa kituoni nilimkuta Yaroslav kwenye benchi ya ukumbini. Alinishika mkono akasema, "Waambie kuhusu waya, Odarka. Kaja kwa siri, kajificha chini, kafunga waya atuue sote achukue shamba. Waambie." Nafahamu kwamba ndivyo alivyoandikisha mwenyewe jana, na kwamba Bohdan akizinduka huenda akafunguliwa mashtaka ya kutaka kuua. Bohdan hawezi kujisemea. Kwa hiyo naulizwa mimi.

Najibu hivi. Mtu anayetaka kuua kwa hewa ile hakai nayo chumba kimoja. Hachani nywele kando yake. Hapangi skrubu kwenye leso ili azirudishe. Huyu alikuta tanuru limezima na juu anasikia mama yake anakohoa kwa baridi, akafanya wanavyofanya mafundi wa magari, akairuka swichi ili tanuru limpatie mama joto mpaka wito wa mezani. Alikosea, tena vibaya. Angetoka nje akazunguka ukuta angeliona robota. Lakini alikuwa ameambiwa ajifiche, asionekane na kaka yake.

Na waya peke yake, bila robota, usingemdhuru mtu, kwani moshi ungetoka. Robota peke yake, bila waya, lisingemdhuru mtu, kwani tanuru lingezima na watu wangepata baridi tu. Ilihitajika mikono ya watu wawili. Aliyeweka robota alitaka mama asiumwe miguu, na aliyefunga waya alitaka mama asitetemeke. Kama wawili hao wangekuwa watu wa kusemezana, mmoja angemwambia mwenzake, "Nimeweka majani pale," na jioni ile tungekula.

Naulizwa ni nani aliyeweka robota. Sikumwona akiliweka, na nimeambiwa nisikisie. Naogopa kutoka humu ndani, kwa sababu njia ni moja, inapita kwenye ile benchi, na ataniuliza nimesema nini.

Nimesomewa niliyoyasema, nami nayakubali kuwa ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, sina la kupunguza.

(Sahihi) O. Pylypiw

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi ametia sahihi mbele yangu. Aliomba maji mara mbili. Nilimsindikiza hadi ukumbini. Bw. Yaroslav Mandziuk alisimama akamuuliza, "Umewaambia kuhusu waya?" Shahidi akajibu, "Nimewaambia. Nimewaambia na kuhusu robota. Sikutaja mtu." Bw. Mandziuk aliketi. Akaniomba nimfutie maelezo aliyoandikisha tarehe 7. Nilimfahamisha kwamba maelezo yaliyotiwa sahihi hayafutwi, ila yanaweza kuongezewa. Akasema basi niongeze. Nyongeza yake ni sentensi moja, naye ameitia sahihi: "Robota niliweka mimi." Kisha akauliza kama hospitali ya Winnipeg wanaruhusu ndugu kuingia.

(Sahihi) Konstebo G. Ledoux